Nyumba ya Rugenge Isiyokuwa Yetu

Rugenge, Uvira, 3 Juni 2024

Mdogo wangu Sévère,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii inakuja na Célestine, mchuuzi wa ndagala anayevuka mpaka wa Kavimvira kila siku ya soko. Jibu utampa yeye. Usinipigie simu wala kunitumia ujumbe. Kwenye vizuizi vijana wenye silaha wanafungua simu za watu na kusoma mpaka salamu za Noeli. Karatasi iliyo chini ya samaki haina anayeitamani.

Mume wangu Ngendakumana tumemzika. Najua hukuweza kuja kwa sababu ya hayo unayoyaandika magazetini. Wangekukamata kabla hujafika kaburini. Walikuja watu wengi, hata wa Lubarika na Mutarule. Sasa ndugu yake Bertrand anasema siku ya kuondoa matanga, tarehe 6 mwezi ujao, ukoo utakaa na kugawa mali. Sisi hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo wanahesabu kwamba nyumba hii ni ya marehemu, na ya marehemu ni ya ndugu zake.

Ndugu yangu, nyumba hii si ya marehemu. Ni jambo ambalo sijamwambia hata padri.

Unamkumbuka Twizerimana, mfugaji wa nyanda za juu, yule mrefu aliyekuwa akija kwetu na fimbo yake na Biblia yake? Aliposhuka kukimbia vita aliuza ng'ombe waliobaki, akanunua kiwanja hiki, akajenga. Hakuthubutu kuandika jina lake. Alisema, "Kila vurugu ikianza, nyumba yenye jina kama langu ndiyo inayoingiliwa ya kwanza." Akaandikisha jina la mume wangu. Nilikuwepo, nikiwamiminia chai ya maziwa. Alisema, "Ngendakumana, ni ya Teta na Tuyishime. Weye shika tu mpaka wakomae." Mume wangu akajibu, "Nimeshika." Basi. Hakuna karatasi wala shahidi mwingine. Twizerimana alikufa, na mkewe Nyirakamana akamfuata. Mvulana, Tuyishime, yuko kambini huko Burundi kwa mjomba wake. Kodi ya wapangaji wa humu ndiyo iliyolipia watoto shule. Sisi tulihamia hapa juzi tu, ziwa lilipomeza nyumba yetu kule chini.

Nikinyamaza, Bertrand atachukua. Nikisema, watu watajua ndani ya mtaa huu kuna nyumba ya "wale wa juu", na wewe unajua kinachofuata. Niambie sheria inasema nini. Sili vizuri. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo mbele ya lango, sufuria inanianguka mkononi.

Délice, binti anayenisaidia kazi za nyumbani, anakusalimu.

Dada yako,
Gloriose


Buyenzi, Bujumbura, 9 Juni 2024

Yaya Gloriose, dada yangu mkubwa,

Pole sana. Nimemlilia shemeji yangu huku peke yangu, kama mwizi.

Sasa nisikilize. Umejaza kurasa mbili kwa hofu, na ukweli umeupa mstari mmoja. Mimi ningefanya kinyume.

Wanasheria wenzangu, hawa walioanguliwa na vitabu vya Wabelgiji, watakuambia kitu kama hicho, mtu kumshikia mwenzake mali, hakipo Kongo. Waulize kwa nini, watajibu: hakina jina kwenye kodi, kile kitabu chao cha sheria. Upuuzi! Bibi yetu wa Mutarule alikuwa akiachiwa ng'ombe wa watu. Maziwa yalikuwa yake, mbolea ilikuwa yake, lakini ndama alipozaliwa hakuna aliyeuliza ni wa nani. Hiyo ilikuwa amana, na bibi hakuwahi kuvaa kanzu ya mahakama. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, waliotawaliwa na Waingereza, wameiandikia sheria nzima. Sisi tuliiacha kwa mababu, kisha tukaona aibu nayo.

Amana ina watu watatu hata kama wawili ni ndugu: anayeiweka, anayeishika, na yule ambaye imewekwa kwa faida yake. Ili isimame, mambo matatu lazima yajulikane bila shaka. La kwanza ni nia: je, Twizerimana alitaka kumpa rafiki yake, au alitaka amshikie? La pili ni mali yenyewe. La tatu ni watu: wanaofaidika ni akina nani, kwa majina. La pili na la tatu unayo. La kwanza liko mdomoni mwako tu, na hapo ndipo Bertrand atakapopiga.

Kwa maana hakimu akiangalia cheti ataona jina la Ngendakumana, na cheti kina nguvu kuliko kumbukumbu ya mjane. Lakini warithi wenyewe wakikiri mbele ya ukoo kwamba marehemu alishika mali ya wengine, na maneno yao yakaandikwa na kutiwa sahihi, hakuna hakimu atakayewarudishia walichokikana. Ndiyo maana siku ya matanga ni siku yako. Kifo hakikugeuza kitu: aliyeshika hakuwa na cha kurithisha. Na usiniambie "amana ilikuwa ya mume wangu, mimi simo". Mwenye kushika akifa, amana haifi naye. Yeyote mwenye mali hiyo mkononi, akishajua ni ya nani, amefungwa. Wewe unajua. Umefungwa.

Kwa hiyo usingoje. Nenda kwa chefu wa mtaa kesho. Taja majina ya watoto, aandike, apige muhuri. Hofu isiyotajwa hunenepa.

Ndugu yako,
Sévère


Rugenge, 17 Juni 2024

Sévère,

Weye uko ng'ambo ya mto, una umeme na magazeti. "Nenda kwa chefu wa mtaa." Chefu wa mtaa ana mtoto wa dada yake kizuizini. Nikitaja majina yale asubuhi, mchana yako kwenye kila kituo cha pikipiki.

Bertrand alikuja Jumamosi na mkewe Laurette. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake, hakuniuliza. Nikamletea maji. Akasema, "Shemeji, nasikia unasemasema kwamba nyumba iko ya watu."

Nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu, katekista, kwa mafumbo, kumuuliza kama ni dhambi kunyamaza. Nikasema, "Nani amekuambia?"

"Ukuta." Akacheka. "Sikia. Hata kama Twizerimana alitoa franga zake, alimgawia kaka yangu. Walikuwa marafiki. Mtu anamgawia rafiki ng'ombe, anamgawia na kiwanja. Na aliyegawiwa analeta kinywaji cha kushukuru. Weye mwenyewe ulimpelekea! Kreti za fanta, mpaka kwake Kavimvira, juu ya pikipiki. Laurette, si uliona?"

Laurette akatazama sakafu. Akasema, "Niliona fanta. Sikuona shukrani."

"Nyamaza, weye," akamwambia.

Sévère, ni kweli nilipeleka fanta. Twizerimana alikuwa amekufa! Nilikwenda kwenye msiba. Mlokole hanywi pombe, ningempelekea mjane wake nini? Urwarwa, pombe ya ndizi, wanifukuze? Nilinunua fanta kama ninavyonunua bia kwa msiba wa Mkatoliki. Sasa huruma yangu imegeuzwa kuwa ushahidi. Wewe unajua desturi: aliyepewa ng'ombe anarudi na kinywaji kumshukuru aliyempa, na siku hiyo ndiyo zawadi inafungwa. Bertrand amepata fundo lake, na nimelifunga kwa mikono yangu.

Majina sitayataja. Usiniulize kwa nini. Kuna sababu, na haifai kuandikwa hata chini ya samaki.

Gloriose


Lubarika, 22 Juni 2024

Kwa shemeji yangu mpendwa Gloriose,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Natumaini machozi yanaanza kukauka.

Mimi si mtu wa ugomvi. Siku ya matanga utasimama mbele ya ukoo na kusema kwa kiapo: nyumba ya Rugenge ilikuwa ya mume wangu, si ya mtu mwingine. Ukisema hivyo utapewa chumba kimoja cha kukaa mpaka Mungu akuite. Nani atasema Bertrand ana roho mbaya?

Jambo jingine, ni udadisi tu. Huyo Délice wako. Ulisema ni mtoto wa mpwa wako wa Mutarule. Sasa nimeulizauliza Mutarule, hawamjui. Na siku ya kumzika kaka, padri alipobariki kaburi, sote tulipiga ishara ya msalaba, hata watoto wadogo. Yeye mikono ilibaki chini. Mtoto wa Mutarule asiyejua ishara ya msalaba! Nikajiambia, labda ni huzuni. Kisha nikamtazama vizuri. Ana paji la uso la mtu niliyemfahamu.

Vijana wa kizuizini ni watoto wetu. Wakiniuliza kitu siwezi kuwadanganya. Lakini hawajaniuliza.

Tuombeane.

Shemeji yako,
Bertrand


Buyenzi, 24 Juni 2024

Yaya,

Sijapata chochote tangu barua yako ya tarehe 17, na siwezi kungoja. Nimekaa nayo juma zima, na kila nikiisoma nakasirika zaidi.

Nakuuliza waziwazi, kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea na kunifundisha kutodanganya: kwa nini hutaki kutaja majina? Kwa sababu ya vijana wa kizuizini, au kwa sababu unalala ndani ya nyumba hiyo? Sheria ya amana ni kali hapo kuliko popote. Anayeshika haruhusiwi kuchuma kwa alichoshika. Haruhusiwi hata kukaa mahali ambapo faida yake na faida ya wenye mali zinavutana, kwa maana hakuna moyo unaoweza kuwa hakimu na mlalamikaji. Wewe unakaa bure kwenye nyumba ya yatima. Ziwa limekunyang'anya yako, najua, na pole. Lakini yatima wale hawakulituma ziwa.

Mji wenu wote umejifunza ugonjwa huu. Mtu anaona haki inapita barabarani imefungwa mikono, anasema "naogopa", halafu anaingia ndani kula. Hofu imekuwa cheti cha kusamehewa kila kitu. Mimi siitambui.

Kama hutasema, nitasema mimi. Nimeandaa barua kwa mahakama ya Uvira, nikiwaomba wazuie mgawanyo wowote. Nimetaja kila kitu: Teta na Tuyishime, watoto wa Twizerimana, nyumba ya Rugenge. Wakili mmoja anavuka Ijumaa, tarehe 28, na ataipeleka. Watabandika tangazo ukutani kama desturi yao, na kila mtu atalisoma. Ndivyo inavyotakiwa. Mwanga ndiyo dawa.

Sévère


Rugenge, 27 Juni 2024

Sévère, zuia barua ile. Nakupigia magoti. Zuia.

Délice ni Teta.

Alikuja mwaka jana, mjomba wake alipomwambia kambi haina shule ya juu. Tulimpokea, tukampa jina la mtoto wa mpwa, tukamwambia aongee kidogo sokoni kwa sababu ya lafudhi yake. Mume wangu alikuwa akimfundisha nyimbo za misa. Ishara ya msalaba, ambayo kwao walokole hawaipigi, tulisahau. Tulikumbuka kila kitu, tukasahau ile mtu anayoifanya bila kufikiri.

Unaniuliza kwa nini sitaji majina. Nitaje jina la mtu aliyeko jikoni kwangu anachambua maharage?

Na kuhusu kulala bure: tulipohamia, mume wangu alimweka Teta mezani, akamwambia, "Nyumba ni yenu. Tukae humu mkikubali, na paa tutaliezeka upya kwa gharama yetu." Alikuwa amekwisha kufikisha miaka kumi na nane. Alikubali. Paa liliezekwa. Usiniulize tena hilo, maana limeniuma mahali ambapo wewe tu unajua kufika.

Nakuwekea ndani barua ya Bertrand. Isome. Yeye hataki damu, anataka nyumba. Lakini yuko tayari kupita kwenye damu.

Swali langu ni moja, jibu kama mwanasheria usijibu kama gazeti. Je, nina ruhusa ya kumwachia nyumba ili anyamaze kuhusu mtoto? Wewe umesema si yangu. Kama si yangu, naweza kuitoa?

Célestine anangoja mlangoni.

G.


Buyenzi, 29 Juni 2024

Yaya yangu,

Célestine alifika jana mapema. Wakili alikuwa kituo cha mabasi, amepanda tayari. Nilimbembeleza dereva kama mwendawazimu, barua nikaitoa mkononi mwake, nikaichana, vipande nikavimeza vingine. Watu walinicheka.

Ningemuua. Kwa kanuni, kwa sarufi nzuri, kwa muhuri. Sina neno la kukuomba radhi. Ukilipata wewe, nitumie nilitumie.

Swali lako. Anayeshika amana hana haki ya kuitoa kama zawadi, wala kulipia deni lake, wala kununulia amani yake mwenyewe. Hilo ni jiwe. Lakini jiulize amana iliwekwa kwa ajili ya nini. Twizerimana hakuweka matofali kwa faida ya matofali. Aliyaweka kwa faida ya watoto wake. Nyumba ni ya mtoto. Mtoto si wa nyumba. Mwenye kushika akilinda ukuta na kumpoteza yule ambaye ukuta ulijengwa kwa ajili yake, ameivunja amana yote. Kwa hiyo, kama hakuna njia nyingine, apa. Mpe. Kiapo kilichotolewa kwa kisu shingoni hakimfungi mtu, na nyumba siku moja tutaidai.

Lakini nimesema: kama hakuna njia nyingine. Je, Teta hawezi kuvuka?

Mdogo wako,
Sévère


Rugenge, 8 Julai 2024

Sévère,

Teta yuko upande wenu. Utakuwa umemwona kabla hujasoma hii. Alivuka Alhamisi asubuhi na Célestine, katikati ya kundi la wachuuzi wa ndagala, beseni kichwani na harufu mpaka kwenye nyusi. Wakipita kwa kundi, vijana wanachagua samaki, hawachagui nyuso. Célestine aliniambia alimtukana Teta njia nzima, "We mvivu, tembea!", ili aonekane mtoto wake. Mimi nilikaa sebuleni na rozari mkononi nisijue niko sala ya ngapi, mpaka mchana mchuuzi mwenzake wa sokoni akaja kuniambia kwa sauti, "Samaki wako wamefika."

Ruhusa yako ilinifikia Jumamosi ya matanga, watu wakiwa tayari uani. Niliisoma chooni. Ilinijaribu, sitakuficha. Kuapa tu, chumba kimoja, na usingizi. Lakini Teta alikuwa amevuka, na sababu ya kuitumia ruhusa ilikuwa imevuka naye.

Basi nikatoka. Mzee wao, baba mdogo Nshimirimana, aliongoza. Katekista aliandika. Bertrand akasimama na kusema habari ya kugawiwa, na fanta, na kunitaka niape.

Nikasema, "Baba mdogo, nina swali kwa ukoo. Mume wangu kama angegawiwa nyumba ya matofali hapa mjini, angekwenda kushukuru peke yake?"

Nshimirimana akasema, "Aende peke yake kwa nini? Si angetuita?"

"Angekuita weye?"

"Angenianza mimi!"

"Sasa ni nani kati yenu alikunywa kinywaji hicho? Asimame. Nyinyi ninawajua. Mbuzi wa jirani akizaa mnafika na vikombe vyenu. Shukrani ya nyumba nzima iliwapita vipi?"

Walicheka. Hata matanga yana kicheko chake. Mmoja akasema nyuma, "Miye hiyo singeikosa, hata ningekuwa na malaria." Bertrand akapaza sauti, "Na fanta?" Hapo Laurette, mke wake, akasimama kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Akasema, "Fanta ilipelekwa Twizerimana yuko tayari chini ya udongo. Muntu anashukuru maiti? Na tangu lini mwanamke anakwenda kushukuru zawadi ya mume wake, mume amebaki nyumbani? Ule ulikuwa msiba. Nilikuwepo. Nilikunywa bia moja ya Primusi kwa siri huko nyuma kwa sababu fanta iliisha."

Wakacheka tena, na katika kile kicheko Nshimirimana akagonga fimbo. Akasema kisichoshukuriwa hakikutolewa. Kama hakikutolewa, kiliachwa kishikwe. Ngendakumana alikuwa mchungaji wa kitu cha mtu. Katekista akaandika hivyohivyo, wakatia sahihi, wengine kidole. Nikataja majina, Teta na Tuyishime, kwa sauti. Bertrand alitia sahihi wa mwisho, kalamu ikatoboa karatasi.

Wakati wa kuondoka, aliniambia sikioni, "Umeshinda, shemeji. Sasa kila mtu anajua ni ya nani."

Uko sawa na sheria yako. Ukweli umeandikwa. Tangu jana pikipiki zinapunguza mwendo kweli, si ndoto yangu. Leo asubuhi nimekuta lango limepakwa alama ya mkaa. Nimeisugua. Imeacha kivuli.

Gloriose


Buyenzi, 19 Julai 2024

Mama Gloriose,

Bwana asifiwe. Niko salama kwa mdogo wako Sévère. Anaongea mpaka usingizini, na anaosha vyombo vibaya, lakini amenipa chumba chake, yeye analala kwenye vitabu.

Célestine ametueleza kuhusu mawe. Amesema madirisha mawili ya mbele yamekwenda, na kwamba umejeruhiwa mkono ukasema ni kioo cha taa. Mama, mimi si mtoto. Najua taa ya sebuleni haina kioo.

Nimemuuliza Sévère, amenieleza sheria. Amesema ambaye amana ni ya kwake, akishakuwa mtu mzima na akili zake timamu, anaweza kumwambia anayeshika: inatosha, nimekuachilia, sikudai. Basi nakuambia. Nimekuachilia. Hunidai na sikudai. Baba hakununua nyumba ile ili wewe ufe ndani yake. Funga mlango, mpe ufunguo yeyote, vuka. Huku kuna nafasi. Nitakufundisha kuosha vyombo pamoja na Sévère.

Nilikuwa ninaogopa nikiwa jikoni kwako. Sasa ninaogopa zaidi, kwa sababu sioni mlango.

Mtoto wako,
Teta


Rugenge, 28 Julai 2024

Teta mwanangu,

Barua yako nimeiweka kifuani, hapo inapokaa skapulari yangu ya Bikira Maria. Nimekuelewa, na nashukuru. Mkono unapona.

Habari za nyumba ni haki yako kuzijua, kwa hiyo nakupa zote, hata mbaya. Madirisha ya mbele nimeyaziba kwa mbao. Lango lina alama nyingine, hii ni ya rangi, haitoki. Wapangaji wa chumba cha nyuma wamehama bila kuaga, siwalaumu. Paa ni zima. Mvua bado. Chefu wa mtaa alipita akasema hakuona kitu. Alikuwa amesimama juu ya vioo.

Juzi asubuhi lango liligongwa. Nilichukua mchi. Nikauliza nani, sauti ikasema, "Mke wa Bertrand, fungua, mgongo unaniuma." Alikuwa Laurette, ana mkeka, sufuria na kuku amefungwa miguu. Nikamwambia, "Umefukuzwa?" Akasema, "Nimejifukuza. Wale vijana wanamsikiliza bwana yangu. Tuone kama wataichoma nyumba ambayo mke wake anapika ndani." Akaweka mkeka wake upande wa dirisha la mbele. Nilimwambia hapo ndipo mawe yanapoangukia. Akasema ndiyo sababu. Bertrand amekuja mara mbili kumwita, anasimama barabarani, haingii. Anamwita kwa upole kabisa. Ule upole ndio unaonitisha. Na Laurette anamjibu kwa sauti mtaa mzima usikie, "Baba Chadrack, ingia ule!" Haingii.

Sijui itadumu mpaka lini. Tukisikia mtu anapita tunanyamaza wote, hata kuku nadhani ananyamaza. Sitakudanganya kwamba tuna ujasiri. Laurette anakwenda chooni na panga.

Ila hilo unaloniambia, mwanangu, siwezi. Mwulize Sévère tena, umsome machoni, atakuwa amekuficha nusu. Umeniachilia. Lakini ulichoweza kuachilia ni fungu lako tu. Lililobaki ni la mdogo wako, na huwezi kulisamehe kwa niaba yake, wala mjomba wake hawezi, wala mimi siwezi kuliacha barabarani kwa sababu naogopa. Mtoto yule ana miaka kumi na mitano. Hajui hata rangi ya mlango.

Msalimie. Mwambie ale, asome, akue upesi. Tuyishime hajafikia umri wa kunisamehe, na mimi nitamngoja humu.

Mama yako,
Gloriose